Sendofu Iliyojaza Kompyuta

Kompyuta ya Mektilda ilikuwa ile ambayo chaja yake haikai bila kushikiliwa. Ukiiachia inalegea, na kwa kuwa betri ilishakufa siku nyingi, kioo kinakuwa cheusi hapo hapo. Yeye alikuwa ameizoea kama mtu anavyomzoea ng'ombe mwenye teke. Waya unapitishwa nyuma ya mguu wa meza, unazungushwa kwenye kopo la vifungo, halafu kipande cha sabuni ya mche kinakandamiza pale kwenye tundu. Herufi A ilishang'oka, akabandika kifungo cha shati mahali pake. Kila asubuhi aliiwasha kwanza, ndipo akafagia, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, akafuta mashine ya kudarizi kwa kitambaa cha flaneli. Akimaliza hayo yote, kompyuta inakuwa ndiyo kwanza inaamka.

Fremu yake ya duka ilikuwa Bagara, jirani na mashine ya kusaga, na ukikaa mlangoni unauona mlima Kwaraa umejifunika wingu. Watu walimwita Mama Evelyne, kwa jina la binti yake mkubwa. Alidarizi vitambaa vya makochi, sare za kwaya, mashuka ya maharusi, na majina ya watoto kwenye masweta ya shule. Mchoro unatengenezwa kwenye kompyuta, unapita kwenye waya, unaingia kwenye mashine ya kudarizi, na sindano inaanza kukimbia yenyewe.

Mwaka huo alikuwa na kazi moja iliyozidi zote. Jovin, mtoto wa Leonia wa Sigino, alikuwa anapewa upadre. Mektilda ndiye aliyemshika mtoto huyo siku ya ubatizo, na alipokuwa anaondoka kwenda seminari ndogo, sanduku kichwani, Mektilda alimwambia mbele ya mama yake: "Stola yako ya kwanza ya kuvaa shingoni nitaidarizi mimi. Usimpe mtu mwingine." Alisema hivyo wakati bado anaona tundu la sindano bila miwani. Sasa jicho la kushoto lilikuwa limefunga ukungu, daktari amesema lisubiri likomae lipasuliwe, na kazi ya mkono ya uzi wa dhahabu hakuiweza tena. Ikiwa mashine haidarizi, basi hakuna stola ya Mektilda. Jovin angevaa ya kununua Arusha, kama mtoto asiye na mama wa ubatizo.

Jovin alituma mchoro wiki mbili kabla. Mwenzake wa seminari, aliyejua mambo ya kompyuta, ndiye aliyemchorea. Ulikuwa msalaba mwembamba, na kuuzunguka, badala ya ngano na zabibu kama stola zote za dukani, tawi la mbaazi lenye maganda yake na maua yake ya njano. Chini aliandika: "Mama, mbaazi ndizo zilizonisomesha."

Mektilda aliutazama mchoro ule kwenye simu mpaka chai ikapoa. Akauingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ikafikiri, ikaguna kwa ndani kama inavyoguna, kisha ikaleta kisanduku chenye maneno ya Kiingereza na alama ya njano. Akakifunga, akajaribu tena. Kikaja kile kile. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akafagia duka mara ya pili ingawa lilikuwa safi, akajaribu. Kikaja kile kile.

Akampigia Halidi.

Halidi alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya stendi, mtu mzima mwenye watoto wawili, na vidole vyake vilinuka risasi ya kuchomelea. Alikuja mchana, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Wazima." Akasoma kisanduku, akacheka kidogo puani. "Mama, mchoro huu umetengenezwa na programu mpya. Programu yako ya zamani haiusomi. Na hiyo mpya haikai kwenye windo hii inayoendesha kompyuta, imeshapitwa. Inabidi tupige windo mpya."

"Piga."

"Haipigiki. Diski imejaa mpaka kooni. Windo mpya inataka GB ishirini tupu, na hapa hata mbili hazifiki."

"Imejazwa na nini? Mimi naweka michoro tu, na mchoro ni mdogo kama punje ya ulezi."

Halidi akafungua mafolda, moja baada ya lingine, na Mektilda akasogeza miwani. Kulikuwa na Kipaimara cha Watoto wa Mutuka. Kulikuwa na Kwaya Mazoezi, Kwaya Mazoezi Mapya, Kwaya Mazoezi Mapya Kabisa. Kulikuwa na mahafali ya darasa la saba, jubilei ya ndoa ya katekista Xavery, uzinduzi wa kisima, na folda moja iliyoitwa Mbuzi wa Remigius, ambayo ndani yake kweli kulikuwa na mbuzi, kapigwa picha kila upande.

"Hivi vyote vya nani?"

"Vya watu wa jumuiya."

Ilikuwa imeanza kidogo kidogo. Simu ya mtu ikijaa, anapita dukani: Mama Evelyne, niwekee kwenye mashine yako, nitakuja kuchukua. Jumuiya yao nzima ilikuwa na kompyuta hiyo moja. Mektilda aliweka, kama ambavyo alikuwa akiwawekea watu magunia stoo na funguo za nyumba wanaposafiri. Hakuna aliyerudi kuchukua.

"Futa tu, mama," alisema Halidi. "Mtu aliyeweka kitu miaka mitatu hajaja hata kukiangalia, hakikumbuki."

"Gunia la mtu likikaa stoo kwangu miaka mitatu, nilisage?"

"Gunia lingekuwa limeshaliwa na panya. Hizi hata panya hawazitaki."

"Halidi. Cha mtu ni cha mtu."

"Sawa. Basi tuvihamishe kwenye diski ya nje."

"Unayo?"

"Ninayo, ila imejaa muvi ninazowawekea wateja. Hilo ndilo duka langu, mama. Nikizitoa nile nini?" Akaona uso wa Mektilda, akajikuna shingo. "Nitakuagizia nyingine Arusha. Ila gari la mizigo linakuja wiki baada ya upadrisho."

Jumamosi, baada ya sala ya jumuiya, Mektilda alisimama, akarekebisha khanga, akatangaza. Kila aliyeweka kitu kwenye kompyuta yake aje na flashi akichukue, au aseme kwa mdomo wake kifutwe. Ni kwa ajili ya stola ya Jovin. Watu wakapiga makofi. Xavery, aliyekuwa anaongoza sala, akasema ni jambo jema sana na kila mmoja alipe uzito.

Wakaanza kuja. Tatizo ni kwamba walikuja kweli.

Hakuna aliyekubali kifutwe kabla hajakiona. Mama mmoja alikaa tangu asubuhi akiangalia kipaimara cha wajukuu, akawaita na majirani, na Mektilda akawapikia chai kwa sababu huwezi kumweka mtu kwenye benchi muda wote huo na mdomo mkavu. Wanakwaya waliangalia mazoezi yao, wakagombana upya juu ya nani alitoka kwenye sauti, na mwishowe wakasema yafutwe yale mengine, siyo yale mapya kabisa. Flashi mbili zilikuja na virusi. Xavery alikuja na yake, akaangalia jubilei yake mpaka kwenye keki, akainakili, akashukuru, halafu mlangoni akageuka: "Ila na hiyo iliyo hapa uiache, Mama Evelyne. Hizi flashi hupotea."

"Katekista, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, ndiyo." Akasimama. Akavuta pumzi. "Haya, futa. Lakini ikipotea hii nitakuja kulia hapa."

Remigius, mwenye mbuzi, alikuja na flashi nyekundu. Mektilda akampa kiti, akaenda kumpimia mteja sweta. Aliporudi, Remigius amemaliza na anatabasamu. Nafasi ilikuwa imepungua.

"Remigius, umechukua nini?"

"Sijachukua, mama. Nimeongeza. Amezaa mapacha."

Mektilda alikwenda nyuma ya duka, akasimama karibu na pipa la maji, akasali fungu moja la rozari kwa haraka kuliko inavyotakiwa, akarudi. Mume wake, Sylvesta, aliyekuwa amemletea chakula, alikuwa amekaa na hotpoti magotini.

"Na mimi kuna kitu changu humo?" akauliza Sylvesta.

"Mechi zako, Baba Evelyne. Nilizifuta Jumapili ulipokuwa umelala."

"Hukuniuliza."

"Wewe ni mume wangu. Kula."

Baada ya mahangaiko hayo yote, kompyuta ilikuwa bado inasema haitoshi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki, na hicho peke yake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotoka. Folda iliitwa Sendofu Kindness.

Kindness alikuwa dada yake Jovin. Alipoolewa na Ludovick, mfanyabiashara mgeni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Leonia aliita mpiga video kutoka Arusha aje kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao. Kijana yule alirekodi kuanzia asubuhi mpaka watu wanakunja mahema, halafu kabla hajakata na kuunganisha akaenda zake machimboni Mererani. Aliacha video ghafi yote, mafaili marefu marefu, na Leonia akaja kuyaweka kwa Mektilda mpaka apatikane mtu wa kuyatengeneza. Hakupatikana. Ndoa yenyewe haikufika mbali. Kindness alikuwa amerudi kwa mama yake Sigino, na mtoto mgongoni, na sababu hakumwambia mtu.

Mektilda alijaribu kuyaingiza kwenye flashi yake mwenyewe. Flashi ilifika katikati ikakataa. Halidi akasema kwenye simu kwamba flashi za namna hiyo hazipokei faili moja kubwa kiasi hicho, na ile ya kupokea imo kwenye mzigo wa Arusha, pamoja na diski.

Akapanda bodaboda kwenda Sigino.

Leonia alikuwa ameketi kwenye turubai uani, anachambua mbaazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mdomo, na tangu atangazwe mama wa padre alikuwa amezidi kukaa wima. Kindness alikuwa jikoni, mlango wazi, moshi unatoka.

"Karibu Mama Evelyne. Stola imeisha?"

"Haijaanza. Nimekuja kwa ajili ya ile video, Mama Jovin."

"Video gani?" Lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

"Ya sendofu. Imekalia mahali pa stola. Nimekuja uniambie niifute."

"Futa za kwaya."

"Nimefuta."

"Futa jubilei ya Xavery, anajipenda sana yule."

"Ameshaichukua."

"Basi futa michoro yako."

"Nikifuta michoro nitadarizi nini, mama? Uso wako?"

Leonia akacheka, hakutaka kucheka, akaacha. Akashusha sauti, ila si ya kutosha. "Jovin amempelekea Ludovick kadi ya upadrisho. Amesema atakuja. Watu wakikaa kwenye furaha, wakala, wazee wakasogeza viti, ndoa inaweza kusimama tena. Ya kanisani ile. Unataka mwanaume aje akute nimeshaifuta harusi yake?"

"Sifuti harusi. Nafuta video."

"Mama Evelyne, sijakwambia ufute. Na wewe hufuti cha mtu bila kuambiwa, mji mzima unajua." Akachukua ungo. "Stola utadarizi. Utapata njia, wewe una subira."

Mektilda alirudi Bagara na subira yake. Njiani vumbi lilimwingia kwenye lile jicho zima, na alipofika dukani alikuta umeme umekatika, akakaa kwenye giza la mchana na kipande cha hariri nyeupe mapajani, alichokikata tangu mwezi uliopita, akikikunja na kukikunjua. Alijaribu mshono mmoja kwa mkono. Sindano ikapita pembeni. Akajaribu mwingine. Ukapinda kama njia ya panya. Akaufumua, akakirudisha kitambaa kwenye mfuko wake wa nailoni.

Kesho yake alikuja Kindness. Akiwa na mtoto mgongoni, akaamkia, akavuta kiti bila kuambiwa.

"Mama, nilisikia mlivyoongea. Naomba nione."

Mektilda alimfungulia. Msichana yule akazima sauti kabisa, akawa anasogeza picha mbele kwa kidole. Mahema yakapita, ndafu ya mbuzi mzima ikapita, shangazi zake wakacheza kwa kasi ya ajabu kama kuku waliotishwa. Hakucheka. Alipofika mahali fulani akasimamisha, akatazama, akafunga.

"Ni yangu hii?"

"Aliyeileta ni mama yako."

"Aliyevaa gauni ni mimi."

Kanuni ya Mektilda ilikuwa nyepesi siku zote: anayeleta ndiye anayechukua. Haikuwahi kumjia mtu wa kuuliza hivi. Kindness akaweka kidole juu ya kibonye cha kufuta, akamtazama usoni, na Mektilda hakuushika mkono ule wala hakuuruhusu. Alitazama kopo la vifungo. Aliposikia kiti kinasogezwa, folda haipo.

"Mwambie nimefuta mimi," alisema Kindness, akatoka.

Mektilda akatoa flashi yenye windo mpya aliyoachiwa na Halidi, akaichomeka, akafuata maelekezo aliyoandikiwa nyuma ya kalenda. Kompyuta ikaguna. Mstari wa kijani ukatembea, ukasimama. Kisanduku. Nafasi haitoshi.

Akasoma mara mbili. Akatoa miwani, akaifuta, akasoma. Maneno hayakubadilika. Ndipo kitu ndani yake, ambacho kilikuwa kimekaa kitako tangu wiki ile ianze, kikainuka. Alipiga meza kwa kiganja. Sabuni ikaruka, chaja ikalegea, kioo kikawa cheusi. Akakaa hapo akiangalia uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi.

Alikuwa bado anaiwasha upya Leonia alipoingia, ameshuka kwenye bodaboda na hata kofia hajamrudishia dereva.

"Umefuta."

"Kaa, Mama Jovin."

"Sikai. Mtoto kaniambia mwenyewe, kasimama mbele yangu kama askari. Umemwachia mtoto afute kitu changu, wewe, ninayekuamini kuliko sanduku langu."

"Nimemwachia," alisema Mektilda. "Na stola bado haiwezekani. Nafasi haijaongezeka hata kidogo. Ngoja nimuulize fundi, halafu unigombeze vizuri."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje. Halidi alisikiliza, nyuma yake kuna honi za stendi.

"Mama, ukifuta kitu hakiondoki. Kinakwenda kwenye pipa. Umeona kipicha cha pipa pale juu kushoto? Mpaka ulimwage, vyote viko humo, vimekalia nafasi ile ile."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Ukitaka hata mechi za mzee zimo."

Mektilda akakata simu. Leonia alikuwa ameketi bila kujua kwamba ameketi.

"Kwa hiyo ipo," alisema.

"Ipo kwenye pipa."

"Irudishe."

Angeweza kukataa. Hariri ilikuwa pale kwenye mfuko wake, upadrisho keshokutwa, na kidole kimoja tu kingemaliza kazi. Lakini Leonia ndiye aliyeleta, na ameketi mbele yake anakidai chake. Mektilda akalifungua pipa, akaitafuta folda, akairudisha mahali pake. Ilichukua muda.

"Haya, hiyo hapo. Hizo nyingine nikizimwaga peke yake hazitoshi. Jovin atavaa ya dukani."

Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana Leonia alishindwa kuondoka. Alishika kofia ya bodaboda kwa mikono miwili. Nje dereva akapiga honi, hakuna aliyemjibu.

"Unajua sijawahi kuiona," alisema Leonia hatimaye. "Nyumbani hakuna cha kuangalizia. Nionyeshe pale Jovin alipoombea chakula. Alikuwa bado frateri, amevaa kanzu."

Mektilda akatafuta, akawasha na sauti. Video haikuwa na muziki juu yake kama zile za madukani. Ilikuwa na upepo, na vikombe, na watu wakiitana. Jovin alisimama akaomba. Akamaliza. Kamera ikageuka taratibu mpaka kwa bibi harusi kwenye kiti chake chenye vitambaa, ikabaki hapo, kwa kuwa hapakuwa na aliyekata. Kindness alikuwa analia. Mabibi harusi wote hulia siku hiyo, asiyelia husemwa. Leonia wa kwenye video akaingia na kitenge kipya, akainama, akamfuta mashavu kwa leso, na sauti ya msichana ikasikika wazi, karibu na kipaza sauti.

"Mama, twende nyumbani."

Leonia wa kwenye video akainuka, akawageukia wanawake wa meza ya karibu, anacheka. "Mnamwona anavyolia? Huyu kafundwa." Wanawake wakapiga vigelegele. Msichana akaivuta nguo ya mama yake kwa nyuma, mara moja, akaiachia.

Mektilda akaunyoosha mkono asimamishe. Leonia akauzuia, akaiacha iende mpaka kamera ilipohama kwenda kwenye ndafu.

"Hukumsikia," alisema Mektilda.

"Nilimsikia." Leonia alikuwa anachezea kamba ya kofia. "Wewe hukusema hivyo kwenye yako? Mimi nilisema hivyo hivyo kwa mama yangu. Twende nyumbani. Nilisema kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Nilijua na yeye anasema hivyo." Akaiachia kamba. "Kindness alipoangalia hapa, aliisikiliza?"

"Alizima sauti."

"Alikuwa anajua neno lile liko wapi."

"Nadhani."

Dereva akapiga honi tena. Leonia akatoka, akampa kofia yake, akamwambia aende, akarudi na kusimama nyuma ya kiti cha Mektilda.

"Futa."

"Wewe ndiye uliyeileta, Mama Jovin. Futa mwenyewe."

"Kibonye kipi?"

"Hicho. Halafu tutakwenda kwenye pipa."

Leonia akabonyeza kwa kidole kigumu chenye ufa wa kuchambua mbaazi, akabonyeza kwa nguvu kana kwamba kompyuta haisikii. Wakaenda kwenye pipa. Kompyuta ikauliza kama ana hakika, kwa Kiingereza, na Mektilda akamtafsiria.

"Iambie nina hakika," alisema Leonia. "Na iache maswali."

Windo mpya ikaanza kuingia. Sabuni ilikuwa imevunjika ilipoanguka, kwa hiyo chaja haikuwa na cha kuikandamiza. Leonia akaishika. Mektilda akamwonyesha jinsi ya kuipinda kidogo kwenda juu, siyo sana, hivyo, na asihame. Akakaa hivyo, mkono mezani, mgongo wima. Asilimia zilipanda kama mgonjwa anavyopanda ngazi. Zilifika mahali zikagoma, na Mektilda akasimama, akaketi, akasimama. Mara kompyuta ikajizima yenyewe.

"Nimetikisika?" Leonia aliuliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Hapana. Sijui. Usipumue."

Ikawaka. Ikajizima tena. Ikawaka. Sylvesta alikuja na hotpoti, akaambiwa asikanyage karibu na meza, akamlisha Leonia ugali na mlenda kwa kijiko maana mkono mmoja ulikuwa kwenye chaja na mwingine umekufa ganzi. Leonia akasema hata mume wake marehemu hakuwahi kumlisha. Sylvesta akasema kwake ni mara ya kwanza pia, na Mama Evelyne asizoee. Wingu lilishuka Kwaraa, jua likaenda upande wa ziwa, na windo mpya ikafunguka.

Haikufanana na ile ya zamani. Rangi zilikuwa nyingine, vipicha vilikuwa vimehamia kwingine, na Mektilda alizunguka kama mtu aliyerudi akakuta nyumba imepangwa upya na mkamwana. Programu mpya, iliyokuwa kwenye flashi ile ile, nayo ikataka kuingizwa, ikauliza mambo yake. Mara mbili alitaka kuacha. Kisha akafungua mchoro wa Jovin, na hakikuja kisanduku. Ulikuja msalaba, na tawi la mbaazi, ganda moja moja.

Akaitandaza hariri kwenye fremu ya mashine, akaikaza, akatia uzi wa njano wa maua kwanza. Alihitaji Leonia amtilie uzi kwenye tundu, kwa kuwa jicho lilikataa, na Leonia akatia kwa mkono mmoja, wa pili bado kwenye chaja, akatumia na meno. Mashine ikasita, ikasoma, ikateremsha sindano. Ua la kwanza likatokea, petali, halafu petali.

"Kindness apeleke sadaka altareni siku ile," alisema Leonia, bila kuondoa macho kwenye sindano. "Peke yake. Nitamwambia Jovin."

"Na Ludovick?"

"Ludovick atakula wali kama wageni wengine."

Mlango ukagongwa kwa heshima. Alikuwa Remigius, amevua kofia, na ile flashi nyekundu mkononi.

"Hodi wamama. Nimesikia huko nje kwamba kompyuta imepata nafasi."

Mektilda alifungua mdomo, na kwa desturi yake ya miaka yote alikuwa karibu kusema leta.

"Haina," alisema Leonia. "Nenda kachinje."